Mwaka Tuliopiga Kura Kuitwaa Ufilipino

Tessie alifika Maskati mwezi uliopita, akalala kwangu Sib, na kabla hajavua viatu aliniuliza kama bado nagombana na Marekani. Nilimwambia nimeacha, nimestaafu hata huko. Akacheka kicheko chake kilekile cha kuvuta pumzi ndani, akaingia jikoni moja kwa moja kama mtu aliyetoka dukani, si kama mtu aliyeondoka nchi hii wakati nywele zangu zote zilikuwa nyeusi. Siku hizi anakaa Kanada kwa binti yake, ana wajukuu, na goti moja linamsumbua. Alikuwa anakwenda kwao Ufilipino kumzika dada yake, akaamua kuzunguka njia ndefu ili anione. Tulikaa na birika la chai ya tangawizi tukataja majina: nani kafa, nani kahama, nani kaoa tena. Mwisho tukafika kwa Bi Ruth, mwalimu wetu, aliyefariki kwao Marekani na sisi habari zikatufikia zimeshachakaa. Tessie akageuza kikombe chake mezani. "Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kusema mbele za watu," akasema, "nawaambia: Ruwi, juu ya duka la vitambaa." Na mimi wakiniuliza nilijifunza wapi kazi yangu, jibu la kweli ni hilohilo, ingawa vyeti vyangu vinataja vyuo vingine.

Kozi yenyewe sikuitaka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mkaguzi wa vyakula, mwanamke pekee katika idara yetu, na idara ilitangaza kwamba anayetaka kupelekwa masomoni nje alete kwanza cheti cha kozi yoyote ya ngazi ya chuo iliyofundishwa kwa Kiingereza. Nilikwenda kujiandikisha kozi ya hesabu za biashara nikakuta imejaa. Bwana wa kuandikisha akapitisha kidole kwenye karatasi yake, akasema historia ya Marekani ina nafasi nyingi. Nikamuuliza kwa nini ina nafasi nyingi. Akasema, "Kwa sababu ni historia ya Marekani." Basi nikaandika jina langu, Thuwaiba, na jina la baba yangu, nikashuka ngazi nikijiona nimefanya biashara mbovu. Nyumbani Sib nilikokuwa nikiishi na Khaloo Rahma, dada yake mama, habari hiyo ilipokelewa kwa utulivu mkubwa. Khaloo alikuwa anachambua mchele. "Kwao wana historia nyingi ya kusoma mwaka mzima?" akauliza. Nikasema nadhani ipo. Akasema, "Haya. Ukimaliza yao utasoma na yetu."

Chumba cha darasa, kwenye mtaa wa Ruwi mjini Maskati, kilinuka pamba mpya na gundi, harufu iliyopanda kutoka dukani chini. Kiyoyozi kilidondosha maji kwenye ndoo, na mmoja wetu alikuwa na zamu ya kuimwaga ndoo hiyo kabla haijafurika. Bi Ruth alikuwa mke wa mhandisi, mrefu, mwenye mvi zilizokatwa fupi kama za mwanamume, na kila wiki alileta biskuti za tende alizozioka mwenyewe, ngumu hata tukazilowesha kwenye chai kwa siri. Mbele yangu alikaa Issa, mzaliwa wa Tabora, karani wa benki, mtu wa maneno ya taratibu na mzaha mwingi. Pembeni yangu alikaa Teresita, ambaye tangu siku ya kwanza alisema tumwite Tessie, muuguzi wa wadi ya watoto, aliyefika mara nyingi akiwa bado na sare yake nyeupe na saa ya kazini imebanwa kifuani. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake. Hapa nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yalivyobaki kichwani mwangu.

Na ile historia, ambayo niliichukua kwa kukosa nyingine, ilinishika shingo. Bi Ruth alianza na mwanzo wa karne ya ishirini, wakati Wamarekani walipotazama miji yao wakaona aibu: watoto wakifanya kazi viwandani, mitaa bila mifereji ya maji machafu, machinjio ambayo uchafu wake ulisagwa pamoja na nyama ukatiwa kwenye makopo. Wakatokea watu, na wengi wao wanawake, wakasema hili litarekebishwa. Wakaandika magazetini, wakagonga milango, wakapima maziwa, wakahesabu wagonjwa, mpaka sheria zikapitishwa na wakaguzi wakaingia machinjioni. Wakaguzi! Nilikaa wima kwenye kiti. Nilikuwa nimezoea kuonekana mtu wa kunusa masufuria ya watu, na hapa palikuwa na nchi kubwa iliyobadilishwa na watu wa kunusa masufuria. Niliporudi nyumbani nilimsimulia Khaloo Rahma mpaka wali ukapoa. Alisikiliza, kisha akasema, "Wale wenye machinjio walikuwa matajiri?" Nikasema matajiri sana. "Basi hao wanawake walikuwa na moyo," akasema, na akarudi kwenye wali wake. Wakati ule sikulitilia maanani swali lake.

Katikati ya mwaka watoto wa Sib walianza kuumwa matumbo. Mwanzo wachache, kisha wadi ya Tessie ikajaa. Mkuu wetu wa idara, Ustadh Khalfan, mtu msafi mno ambaye kanzu yake haikuwahi kuonekana na kunyanzi, alituita akasema chanzo kinajulikana: wale akina mama wanaouza chakula kando ya soko. Walikuwa kundi la wanawake, wengi wao wa asili ya Unguja na Pemba kama mimi, waliopika vitumbua, katlesi na bajia chini ya vibanda vya makuti na maturubali. Nilipewa kazi ya kuwakagua na kuandika ripoti. Niliikagua mistari yote ya vibanda vile kwa uso mkavu, nikafunua vifuniko, nikatazama vidole, nikaandika. Ripoti niliyoitoa ilikuwa nzuri, nalisema hilo hata leo. Ilieleza vyombo visivyooshwa vizuri, nzi, vifuniko vilivyovunjika. Na mwisho wake ilishauri vibanda viondolewe vyote, na wanawake wale wakatazwe kupika hadharani.

Ijumaa moja niliipeleka kwa Tessie aipitie upande wa tiba. Alipanga chumba Ruwi na wauguzi wenzake wawili, chumba chenye vitanda vitatu, jiko la gesi la sahani mbili, na picha ya Bikira Maria iliyobandikwa juu ya swichi ya taa. Alipika kuku kwa siki na kitunguu thomu, chakula cha kwao, na mimi nilikuja na mkate wa kumimina wa Khaloo, tukachovya mkate kwenye mchuzi ule wa siki, na ajabu yake vilipatana. Alisoma ripoti huku akinyonya mfupa, akanisahihisha jina la ugonjwa mmoja, akaniambia Kiingereza changu kimenyooka. Kisha akauliza, "Umezungumza nao?"

"Nimewakagua wote."

"Sikuuliza hilo," akasema, na akanirudishia karatasi zangu.

Juma lililofuata Bi Ruth alifika bila biskuti, akiwa na kikombe cha chai kilichojaa vipande vya karatasi vilivyokunjwa. Alituturudisha nyuma kidogo, mwisho wa karne ya kumi na tisa, pale ambapo Marekani ilipigana na Wahispania ikawashinda, na ghafla ikajikuta imeshika visiwa ng'ambo ya bahari, Ufilipino miongoni mwavyo. Wafilipino wenyewe walikuwa wameshatangaza uhuru wao. Swali lililoletwa mbele ya Seneti ya Marekani lilikuwa: viachwe, au vitwaliwe? Bi Ruth akasema darasa letu litakuwa Seneti. Kila mmoja achukue karatasi, na wawili wenye alama waandae hotuba, mmoja ya ndiyo, mmoja ya hapana. Mimi nilipata hapana. Tessie akafunua yake, akaitazama kidogo, akaionesha. Ilikuwa ndiyo. Uso wa Bi Ruth ulibadilika rangi mpaka masikioni. Akasema haraka kwamba alikuwa hakufikiri, kwamba bila shaka Tessie atabadilishana na mwingine. "Bahati ni bahati," Tessie akasema. "Nitasema hiyohiyo."

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuozwa. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba nitashinda, kwa sababu nilikuwa na hoja, na kwa sababu mtu aliyekulia kwenye mazungumzo ya Wazanzibari hahitaji kufundishwa maana ya mgeni kukuambia amekuja kukutunza. Siku yenyewe nilisimama nikasema kwamba taifa lililozaliwa kwa kumkataa mfalme wa ng'ambo haliwezi kwenda ng'ambo kuwa mfalme. Nilisema anayetaka kusafisha na asafishe machinjio yake kwanza. Issa alipiga meza. Nilikaa nikiwa nimelowa jasho la raha.

Tessie akasimama. Alikuwa ametoka zamu, sare ikiwa na doa la dawa begani. Hakuwa na karatasi. Alianza kwa sauti yake ya kwenye wadi, ile ya kumweleza mzazi jambo gumu. Alisema hakuna hapa anayependa kutawala watu. Lakini tazameni hali ilivyo. Visima vichafu, watoto wanakufa kwa maradhi yanayozuilika, hakuna skuli, hakuna barabara. Sisi tumejifunza kusafisha miji yetu wenyewe; je, tutawanyima wengine elimu hiyo kwa sababu ya maneno mazuri kuhusu mfalme? Ukiwa na dawa na ukaiacha mfukoni, hiyo si heshima, ni uvivu. Alituchukua hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa ya haki. Kisha akasema: "Wahusika, ingawa ni watu wema kwa tabia, hawana uelewa wa madhara wanayoyasababisha." Nikainua kichwa. "Haitowezekana kuwaachia wajisimamie." Akaongeza: "Hatua hii ni kwa manufaa yao wenyewe." Sentensi zote tatu zilikuwa zangu. Zilikuwa zimo kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti yangu, ule niliouandika kwa fahari kuliko kurasa zote.

Kura ikapigwa. Mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine, na Ufilipino ikatwaliwa juu ya duka la vitambaa kwa wingi mkubwa. Hata Issa aliinua mkono, akinitazama kwa macho ya kuomba radhi. Tessie alihesabu mikono, akashukuru, na watu wakaanza kumpigia makofi. Akawaomba wangoje. Akasema sasa atawaambia yaliyofuata. Wafilipino walipigana na Wamarekani miaka kadhaa, na waliokufa hawakuhesabika vizuri. Kipindupindu kilipoingia Manila, mabwana afya wa Kimarekani walikuja na wanajeshi wakazichoma nyumba za mtaa mzima ili kuua ugonjwa, na moja ilikuwa ya mama wa bibi yake, aliyetoka na mtoto mgongoni na sufuria moja. Ikaja pia meli ya walimu. Bibi yake, yule mtoto wa mgongoni, alifundishwa kusoma na mwalimu wa Kimarekani; bibi alimpenda mwalimu huyo mpaka siku ya kufa kwake, akaweka picha yake pamoja na za watakatifu. "Yote mawili ni kweli," Tessie akasema. "Na bila huyo mwalimu pengine mimi nisingekuwa muuguzi. Lakini mliponipigia kura hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kama kuna Mfilipino chumbani." Maji ya kiyoyozi yalikuwa yanafurika kwenye ndoo na aliyekuwa na zamu hakuondoka kitini.

Nilimkamata kwenye ngazi. Sikuwa na aibu, nilikuwa na hasira. "Ungeniambia kulekule chumbani kwako," nikasema.

"Nilikwambia. Ukanijibu kuwa umewakagua."

"Watoto wanaumwa, Tessie."

"Najua wanaumwa. Mimi ndiye ninayewaogesha." Alikuwa amechoka, akaegemea ukuta. "Ripoti yako ni sahihi, vyombo ni vichafu. Wale mabwana afya wa Manila nao walikuwa sahihi, kipindupindu kilikuwapo. Sisemi kwamba umekosea. Nasema hujamaliza kazi."

Nimefanya kazi baada ya hapo na madaktari wakubwa na wataalamu walioletwa kwa ndege kutoka nchi mbalimbali, na sijasikia tena maneno yaliyonifaa kama yale. Wakati ule, lakini, nilishuka ngazi bila kumuaga. Ilinichukua siku kadhaa za kununa, na Khaloo Rahma kuniuliza kama nimegombana na chakula chake, kabla sijavaa baibui langu la kawaida, nikaacha begi la kazi nyumbani, nikaenda sokoni.

Mkubwa wa wanawake wale alikuwa Bi Zuwena, Mpemba mnene mwenye sauti kavu, aliyekaa nyuma ya chuma cha vitumbua kama nahodha. Aliponiona hakuinuka. "Umekuja kunifungia?"

"Leo nimekuja kununua."

"Basi nunua."

Nikanunua, nikakaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa, nikala. Vilikuwa na hiliki ya kutosha na ukingo uliokauka vizuri, na nilimwambia. Hakulainika. Nikamwambia watoto wanaumwa. "Nnajua wanaumwa," akasema. "Mjukuu wangu yumo. Lakini hivi vinatoka kwenye mafuta ya moto, mwanangu. Hakuna mdudu anaeishi humu. Nyinyi mnatafuta wa kumlaumu, mkatuona sisi." Tulibishana hapo kwa muda mrefu. Alikuwa mkaidi, na kwenye mambo mengine alikosea waziwazi. Aliamini, kwa mfano, kwamba ugonjwa umeletwa na upepo wa baharini. Nikamuuliza vyombo wanavioshea maji gani. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka: ya tangi. Tangu barabara ilipochimbwa, mfereji wa maji safi uliokuwa pembeni mwa soko ulikatika, wakawa wanajaziwa tangi nyuma ya ukuta wa wauza samaki. Kwa nini hawakusema? Bi Zuwena akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Tulidhani mmetukatia makusudi," akasema, "ili tuondoke."

Nikaenda kwenye tangi, naye akanifuata kwa sababu hakuniamini. Lilifunikwa kwa ubao na jiwe. Niliuondoa ubao ule. Juu ya maji palikuwa na utando wa kijani na manyoya ya njiwa, na harufu ilipanda ikatupiga sote usoni. Nilikuwa nimewakagua wanawake wale kibanda kwa kibanda na sikuja huku nyuma, kwa sababu ukaguzi wangu ulianzia na kuishia kwao; hapo nikalikumbuka swali la Khaloo, kama wenye machinjio walikuwa matajiri. Yeye alikuwa akiletewa maji yale kila siku ndooni na hajawahi kuja kutazama. Bi Zuwena aliangalia, akaangalia tena, akaweka ncha ya mtandio mdomoni. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga. "Na mimi nnampa mjukuu wangu haya," akasema. Nilikaa karibu yake. Tulikaa hapo mpaka mmoja wa wenzake alipomwita kuwa mafuta yanaungua. Nilichukua maji ya tangi lile yakapimwe, na majibu yalipotoka yalikuwa kama tulivyonusa.

Darasani tulikuwa tumefika kwenye vita. Bi Ruth alitueleza jinsi watu walewale waliopigania nyama safi na watoto watoke viwandani, wengi wao walivyoamini kwamba wakiingia Vita Vikuu vya Ulaya wataisafisha dunia nzima kama walivyosafisha miji yao, na jinsi wengine waliopinga vita walivyotupwa gerezani kwa maneno tu. Akasema katika Bunge lao wachache walikataa, na mmoja wao alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa humo, mgeni kabisa kitini, ambaye marafiki zake mwenyewe walimsihi asiwaaibishe wanawake kwa kuonekana mwoga. Safari hii hakuleta kikombe. Akauliza nani atasimama upande wa mwanamke huyo. Niliinua mkono kabla hajamaliza.

Nilisema hapana kwa nguvu zangu zote, na nilishindwa kama alivyoshindwa yeye. Tessie alipiga kura ya ndiyo, akaeleza kwa uso wa huzuni kwamba babu yake alikuwa mpishi kwenye manowari ya Kimarekani wakati wa vita vile, akimenya viazi vya mabaharia, na yeye hawezi kumkosesha babu yake kazi. Chumba kizima kilicheka, na mimi pia, na hapo ndipo tulipopatana bila ya mtu kuomba msamaha. Nilirudi Sib nikala wali na papa wa kukaanga, na nikagundua kwamba nimesimama peke yangu mbele za watu, nimeshindwa, na hamu ya kula ninayo.

Hilo lilinifaa mapema kuliko nilivyotegemea. Kikao cha idara kiliitwa kupitisha amri ya kuondoa vibanda. Meza ndefu, wanaume pande zote mbili, kahawa na halua katikati, na ripoti yangu mbele ya kila mmoja. Ustadh Khalfan akanisifu kwa Kiarabu kizuri, akauliza kama kuna la ziada. Kila mtu akasema hakuna. Nikasema mimi sikubali.

Ustadh akadhani hakusikia. "Ripoti ni yako, Thuwaiba."

"Ni yangu, Ustadh. Ndiyo maana najua ilipopunguka."

Niliwasomea majibu ya maji. Mmoja wao akasema hayo yabadilisha nini, vibanda bado vichafu. Nikasema tukiviondoa watahamia uani kwao, watapika kwa maji hayohayo, na sisi hatutawaona tena. Ugonjwa utabaki, ila sisi tutakuwa tumestarehe. Nikasema mfereji ule tuliukata sisi, serikali, wakati wa kuchimba barabara, na wao wanaamini ni adhabu. Hakuna aliyeniunga mkono. Ustadh Khalfan alikunja midomo, akasukuma kikombe chake. Alikuwa mtu wa kupenda utaratibu, na nilikuwa nimemvurugia utaratibu wake mbele za watu, lakini alikuwa pia mtu mwadilifu, na hilo nilikuwa nalitegemea. "Unataka nini hasa?" akauliza.

"Twende Sib. Uwaulize mwenyewe."

Alikwenda, na kanzu yake ile. Bi Zuwena hakumbembeleza hata kidogo. Alimwambia kwamba ikiwa amekuja kutazama uchafu, na aanze na tangi, maana ndilo kubwa. Akauondoa ubao yeye mwenyewe, mkuu wa idara, na akarudi nyuma hatua nzima. Sitasema kwamba tulishinda kila kitu. Vibanda vilifungwa mpaka kazi imalizike, na katika muda huo Bi Zuwena alinisema sokoni kwa maneno ambayo Khaloo alikataa kunisimulia. Mama mmoja, muuza bajia, hakurudi tena, akawa anapikia harusi. Lakini tangi lilivunjwa, mfereji ukaunganishwa upya, pakajengwa safu yenye paa la bati na sakafu ya saruji, na ikakubaliwa kwamba wanawake wachague wawili miongoni mwao wa kusimamia usafi kabla sisi hatujaja. Wadi ya Tessie ilianza kupata vitanda vitupu. Cheti changu nilikipata, na masomoni nilipelekwa, na kazi niliyoifanya maisha yangu yote baadaye, mji kwa mji, ilianza kwenye safu ile.

Asubuhi ya kwanza ya kufunguliwa nilifika na sare mpya na ubao wangu wa kuandikia, Tessie nyuma yangu akitoka zamu ya usiku, njaa imemshika. Bi Zuwena alichaguliwa msimamizi, kama ilivyotarajiwa, na alisimama mlangoni mwa safu ile amejifunga kanga kiunoni. Nilimsalimu, nikampita, nikanyoosha mkono nifunue kifuniko cha sufuria ya kwanza. Kijiko cha mbao kilishuka mbele ya vidole vyangu.

"Wapi?" akasema.

"Nakagua, Bi Zuwena."

"Kagua. Nani kakukataza?" Akaonesha mfereji kwa kidevu. "Mikono kwanza."

Nyuma yangu Tessie, ambaye hakujua neno la Kiswahili, alikuwa ameshaelewa, na nilisikia pumzi yake ikivutwa ndani. Wanawake wote wa safu ile walikuwa wananitazama. Nikaweka ubao chini, nikakunja mikono ya sare, nikaenda kunawa.